Simbi na Tomusoni

Swali la tatu, alama ishirini:
linganisha viumbe wawili wa baharini
wasio na undugu, ueleze hali ya kila mmoja,
yuko salama au yuko mashakani.

Mimi bahari sijaiona.
Nimeona mto Lubumbashi ukibeba povu na kandambili moja,
na Ziwa Kipopo, siku ya ubatizo wa mdogo wangu.
Lakini bahari yenyewe huja sokoni kwetu Kenya
(Kenya mtaa, si ile nchi),
huja kwa lori, hulala siku tatu Kasumbalesa
ikingoja muhuri, kisha inashuka
imeganda, imefungwa katoni.
Tunaiita Tomusoni.

Nikaandika: wa kwanza ni samaki.
Mgongo wa kijani kama shaba iliyonyeshewa,
ubavuni magamba makali yamepangana kama zipu,
jicho kubwa la mtu aliyeamshwa ghafla.
Hutembea kwa maelfu. Hana nyumba.
Hali yake, kwa jedwali la Profesa Monga:
wasiwasi mdogo.

Wa pili ni konokono.
Huyu nyumba anayo, tena ndiyo pekee iliyotufikia,
mwenyewe alikwisha kuoza pwani ambayo siijui.
Simbi. Ziko kumi na tisa
katika makopo mawili ya maziwa ya shangazi Umba.
Alirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, huko Kabongo.
Jedwalini nilimtafuta kwa kidole, mstari kwa mstari.
Hali yake: hajapimwa.
Si salama, si hatarini. Hakuna aliyekwenda kumhesabu,
yeye aliyehesabia watu chumvi,
akahesabia mahari,
akahesabia, shangazi husema akitazama pembeni,
hata watu.

Shangazi hakukaa darasani.
Katoni ikiuzwa, simbi moja inatoka kopo la kushoto
inaingia la kulia. Ya mkopo huilaza mezani, mdomo juu:
"Huyu bado anatafuna deni langu."
Ndivyo walivyokutana hao wasio na undugu,
mmoja akimhesabu mwenzake,
katika mkono unaonuka wote wawili.

Wiki moja kabla ya mtihani umeme ulikatika
tangu saa saba. Kufika jioni friji ilikuwa imelia
mpaka mfereji, na simbi zilizohama ni nne.
Shangazi akapasua katoni, akachukua samaki,
akamlaza juu ya mkono wake.
"Nilipoanza kazi alifika hapa," akagusa kiwiko.
Huyu mkia wake uliishia
kwenye saa yake ya mkono, ile isiyotembea.
"Wasiwasi mdogo," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimekariri.
"Mdogo kwa nani?
Ubaambie balimu bako."

Nikawaambia. Niliandika kiwiko, nikaandika saa,
nikaandika kwamba jedwali halijauza samaki hata siku moja,
na kwamba kutopimwa si sawa na kupona.
Pembeni Profesa aliandika kwa wino mwekundu:
Chanzo?
Chini yake: kumi na moja.

"Kumi na moja kati ya ngapi?" shangazi akauliza.
Ishirini.
Akamwaga makopo yote mawili juu ya meza yenye maji,
akasogeza kumi na moja upande wangu,
akazitazama nane zilizobaki, akahesabu tena.
"Ishirini sina. Mwalimu wako ana moja kuliko mimi."
Akafikiri. Akazisukuma na zile nane.
"Mimi nakupa zote."

Nilikuwa nimezikumbatia, baridi, zenye magamba,
friji ilipokohoa, ikaanza kunguruma upya,
na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza
katoni bei gani.
Shangazi hakunitazama.
Alinyoosha kiganja.
Nikamrudishia moja.